Mnara wa Mifupa ya Ng'ombe: Nani Alilipa Karo ya Korea?

Kampeni zikikaribia, lazima mwanasiasa mmoja atatuletea hadithi ya Korea. Umeisikia. Miaka ya sitini, anasema, Kenya na Korea Kusini zilikuwa ligi moja. Wenzetu wakachapa kazi, wakasomesha watoto, na leo wanatuuzia simu na magari. Sisi tukabaki na porojo. Watu wanatikisa vichwa, mheshimiwa anashuka jukwaani, mkutano unaisha.

Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi hadi nikaamua kuifuata mpaka kwao, angalau kwa kusoma. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: hao watoto waliosomeshwa, karo yao ilitoka wapi? Ninalo jambo langu hapa, sifichi. Niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa tatu. Sikufeli mtihani wowote. Sikuruhusiwa kuufanya, kwa sababu ya salio la karo, na salio lenyewe likaendelea kukua hata baada ya mimi kuondoka. Tangu siku hizo, nikisikia mtu akisema nchi fulani "iliwekeza katika elimu", huwa nauliza: ni nani hasa aliyewekeza, na alitoa mfuko gani?

Wakorea wana jibu, na limekaa ndani ya neno moja: ugoltap.

Kuna jina la utani la chuo kikuu linalojulikana karibu dunia nzima, mnara wa pembe za ndovu, kwa maana kwamba wasomi wamekaa juu huko na hawajui bei ya unga. Wakorea pia wanalo, wanaita sangatap. Miaka ya sitini watu walilipindua kidogo. Wakasema mnara wetu haukujengwa kwa pembe za ndovu, umejengwa kwa mifupa ya ng'ombe. Hiyo ndiyo ugoltap. Mkulima wa Jeolla au Gyeongsang mtoto wake akiitwa chuo Seoul, alikuwa na mali moja tu iliyoweza kuleta pesa nyingi kwa mkupuo. Na usifikirie ng'ombe wa kufugwa achinjwe Krismasi. Huyu ndiye aliyevuta jembe. Ukishamuuza, msimu unaofuata unalima kwa mkono au unaomba wa jirani. Muhula wa kwanza umemla ng'ombe. Muhula wa pili unaanza kuangalia shamba.

Mheshimiwa hamtaji huyo ng'ombe.

Ajabu ni kwamba zamani za kale mambo hayakuwa hivyo. Chuo kilichoitwa Sungkyunkwan kilianzishwa mwaka wa 1398 katika mji ambao leo ni Seoul, ili kutayarisha maafisa wa ufalme wa Joseon. Wanafunzi walikuwa 200, na mfalme ndiye aliyewalisha na kuwapa malazi. Mahudhurio yalihesabiwa kwenye chumba cha kulia: ukila asubuhi na jioni, unaandikiwa pointi moja. Ukifikisha pointi 300, unaruhusiwa kukalia mtihani wa serikali. Na wanafunzi wakikasirikia uamuzi wa mfalme, walikuwa na mgomo wao maalumu, gwondang: wanakataa kuingia kula. Komredi yeyote wa kampasi zetu atawaelewa watu hawa bila mkalimani.

Lakini wanaolishwa na mfalme ni 200, na karibu wote ni watoto wa tabaka la yangban, mabwana wa ardhi na vyeo. Mtihani wenyewe, gwageo, ulikuwa umeanza tangu mwaka wa 958. Kwa sheria, mtoto wa mkulima wa kawaida hakuzuiwa kuufanya. Ila kuukalia kulihitaji miaka na miaka ya kukariri maandishi ya Kichina, na aliye shambani tangu alfajiri miaka hiyo anaitoa wapi? Mtihani ulifutwa mwaka wa 1894. Imani kwamba karatasi moja inaweza kuinua ukoo mzima haikufutwa.

Kisha wakaja Wajapani, walioitawala Korea kutoka 1910 hadi 1945. Katika miaka yote hiyo kulikuwa na chuo kikuu kimoja tu rasmi nchini, Keijo, kilichoanzishwa 1924, na wanafunzi wake wengi walikuwa Wajapani. Taasisi nyingine zilikuwepo. Ewha ilianza na mwanafunzi mmoja wa kike mwaka wa 1886, chini ya mmishonari Mary Scranton. Bosung, ambayo leo ni Korea University, ilianza 1905. Chuo cha Kikristo cha Chosun, kilichokuja kuwa sehemu ya Yonsei, kilianza 1915. Lakini chini ya mkoloni hizi zilibaki kuwa vyuo vya kawaida, bila hadhi ya chuo kikuu.

Kuna jambo moja la enzi hiyo ambalo sitaki tulipite haraka. Mwaka wa 1923 viongozi wa Kikorea, Yi Sang-jae akiwa mstari wa mbele, walianzisha harambee ya kujenga chuo kikuu cha wananchi. Wito wao ulikuwa kwamba Wakorea milioni 10, kila mmoja atoe won moja. Neno harambee nimelitumia makusudi, kwa sababu sisi pia tulijenga shule hivyo. Ya kwao haikufika. Serikali ya kikoloni iliiwekea vikwazo, majanga ya asili yakaongezea, pesa zikakwama. Keijo ndiyo iliyofunguliwa badala yake. Kwa hivyo hata kabla ya uhuru, wazo lilikuwa limeshaingia vichwani: chuo kikuu ni kitu ambacho wananchi wenyewe wanachangia, kwa sababu serikali haiko upande wao.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1945, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa elimu ya juu wasiofika 8,000. Kufikia 1960 walikuwa karibu laki moja, na hapo katikati kulikuwa na vita vilivyoibomoa nchi kuanzia 1950. Mwaka wa 1951, serikali ikiwa imekimbilia Busan, wanafunzi na walimu wa vyuo mbalimbali walikusanywa wakasoma pamoja kwenye mahema na mabanda, chini ya kitu kilichoitwa chuo kikuu cha pamoja cha wakati wa vita. Na kijana aliyesajiliwa chuo aliahirishiwa jeshi. Usishangae madarasa yalijaa.

Nani aliwapokea hao wote? Serikali iliunda Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul mwaka wa 1946, ikaweka vyuo vya taifa mikoani, lakini haikuwa na pesa za zaidi. Waliobaki walipokewa na watu binafsi, na hapa historia inanoga. Mwaka wa 1949 Korea Kusini ilipitisha sheria ya kugawa ardhi. Mwenye mashamba makubwa alilazimika kuyaachia serikali, apewe hati ya fidia, hati ambayo mfumuko wa bei wa wakati wa vita uliitafuna mpaka ikawa karatasi tu. Ila ardhi iliyokuwa chini ya taasisi za elimu iliangaliwa kwa jicho tofauti, na fidia yake ikawekewa utaratibu maalumu. Bwana ardhi si mjinga. Wengi waligeuza mashamba kuwa wakfu wa shule, na mabwana wa ardhi wa jana wakawa wenyeviti wa vyuo wa leo. Baadhi walikuwa wazalendo wa kweli, hilo ni haki kulisema. Wengine walikuwa wanaokoa mali ya familia, na vyuo hivyo vilirithishwa kutoka baba kwa mwana kama duka.

Ndiyo sababu ukiangalia Korea leo, zaidi ya asilimia 80 ya vyuo vikuu ni vya binafsi. Watu wanadhani ni ubepari wa kisasa. Ni mashamba ya mpunga ya 1949. Na chuo ambacho mtaji wake ni shamba kinaendeshwa na nini mwaka hadi mwaka? Karo. Sasa unaona ng'ombe anaingilia wapi: mjukuu wa mpangaji wa jana anauza ng'ombe apeleke pesa kwa mjukuu wa bwana wa jana.

Na ng'ombe akiisha, wapo wasichana. Jambo hili linajulikana vizuri Korea, ila sijalisikia likitajwa katika hotuba za huku kwetu. Miaka ya sitini na sabini mabinti wa vijijini walipelekwa viwandani Seoul, kwenye mashine za kushona na nyaya za umeme huko Guro, wengine wakiwa hawajafika miaka 16. Sehemu ya mshahara ilirudi nyumbani, na mara nyingi ilirudi kama karo ya kaka. Dada aliacha shule ya msingi ili kaka awe mwanasheria. Nchi ilipopata wahandisi wake, watu wakapiga picha na wahandisi.

Kijana aliyewaona wasichana hao kwa karibu aliitwa Jeon Tae-il. Alikuwa fundi wa kukata vitambaa kwenye soko la nguo la Pyeonghwa, Seoul, na masomo yake mwenyewe yalikatika mapema kwa umaskini. Alipogundua kwamba kuna sheria ya kazi inayowalinda wafanyakazi, alinunua kitabu chake akajaribu kukisoma. Kilikuwa kimejaa maandishi ya Kichina ya wasomi, hakielewi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitamani angekuwa na rafiki mmoja tu wa chuo kikuu, wa kumsomea. Tarehe 13 Novemba 1970 alijichoma moto hadharani akidai sheria hiyo ifuatwe. Alikuwa na miaka 22.

Wanafunzi wa chuo walikuja baada ya kifo chake. Katika miaka ya themanini, mamia kwa mamia waliacha masomo kwa hiari, wakaficha vyeti vyao, wakaingia viwandani kama vibarua ili kuwaandaa wafanyakazi kudai haki. Huwa nawafikiria sana hao. Kwetu aliyeacha chuo ni mtu wa kuulizwa na shangazi kwenye kila mazishi anafanya nini siku hizi. Wao waliacha kwa sababu walihesabu nani alikuwa amewalipia.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe, yaani nani anaingia. Serikali ya Korea haikulipa karo, lakini kwenye mtihani ilikuwa na mkono mzito, na wazazi nao hawakuwa wapole. Desemba 1964, katika mtihani wa kuingia shule ya kati huko Seoul, watoto waliulizwa ni kitu gani kinaweza kutumika badala ya kimea kutengeneza yeot, peremende ya nafaka inayonata. Jibu rasmi lilikuwa kimeng'enya cha diastase. Mojawapo ya majibu mengine ilikuwa maji ya figili, na vitabu vya shule vyenyewe vilikuwa vimefundisha kwamba ndani ya figili kuna diastase. Pointi moja. Pointi moja ndiyo iliyotenganisha shule ya Gyeonggi na shule nyingine yoyote. Kina mama wakaingia jikoni, wakapika yeot kwa maji ya figili, wakaibeba hadi ofisi ya elimu ili wakubwa waionje. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka wa 1965 wazazi wakashinda: watoto 38 wakaingizwa shule walizokuwa wamenyimwa. Wakubwa kadhaa walipoteza kazi.

Kisa kinachekesha mpaka ukumbuke waliokuwa wanapiganiwa ni watoto wa miaka 12. Serikali ilianza kuufuta mtihani huo mwaka wa 1969. Mwaka wa 1974 ikafuta na ushindani wa kuingia sekondari za juu katika miji ya Seoul na Busan, watoto wakawa wanagawiwa kwa kura. Nia ilikuwa nzuri. Lakini ukiziba mifereji miwili ya kwanza, maji yote yanasubiri kwenye wa tatu, na wa tatu ulikuwa lango la chuo kikuu.

Julai 1980, miezi miwili tu baada ya jeshi kuwaua raia Gwangju, watawala wa kijeshi chini ya Chun Doo-hwan walitoa amri tatu kwa pamoja. Vyuo visitunge tena mitihani yao ya kuingilia. Tuisheni ya binafsi marufuku. Na kila chuo kiingize asilimia 30 zaidi ya idadi itakayohitimu, kisha hao wa ziada wachujwe njiani. Hiyo ya tatu isome tena. Unaingia chuo, babako anauza ng'ombe, na tayari imeandikwa kwamba katika kila 13 mnaoingia, watatu hawatatoka na shahada. Wanafunzi na wazazi waliipinga, vyuo vikaikwepa, na kabla muongo haujaisha ilikuwa imekufa. Idadi kubwa ya wanafunzi ilibaki. Marufuku ya tuisheni ilisukuma walimu mafichoni na bei juu, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoitupilia mbali mwaka wa 2000. Leo vituo vya tuisheni, hagwon, ni mitaa mizima, na mtaa wa Daechi-dong pale Seoul nyumba zake zina bei ya juu kwa sababu ya hivyo vituo.

Mtihani wa sasa unaitwa Suneung, na ulianza mwaka wa 1993. Ni siku moja ya Novemba, Alhamisi. Ofisi zinachelewa kufunguliwa ili barabara ziwe wazi, polisi wanabeba waliochelewa kwa pikipiki, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruhusiwi kutua wala kuruka. Ndoto ni vyuo vitatu vinavyofupishwa kwa herufi SKY: Seoul National, Korea na Yonsei. Karibu theluthi moja ya wanaokaa Suneung siku hizi ni watu wanaorudia.

Lakini anayedhani Suneung ndio mlango pekee amepitwa. Wengi sasa wanaingia kwa njia inayoitwa susi, miezi kadhaa kabla, kwa alama za shule, mahojiano na rekodi ya mambo uliyofanya sekondari. Unaruhusiwa maombi sita. Ukikosa, unabaki na jeongsi, ya alama za Suneung, maombi matatu. Susi ilipanuliwa ili mtoto wa kijijini asihukumiwe kwa siku moja. Wenye pesa waliisoma haraka kuliko wanakijiji. Mwaka wa 2016 ilibainika kwamba Chung Yoo-ra, binti wa rafiki wa karibu wa Rais Park Geun-hye, alikuwa ameingizwa Ewha kwa upendeleo kupitia mchezo wa farasi. Ukaibuliwa ujumbe aliowahi kuandika mtandaoni kwamba pesa nayo ni uwezo, na asiye nayo awalaumu wazazi wake. Kwa maoni yangu, ujumbe huo ulimwangamiza rais kama faili nyingine yoyote, maana mitaani waliojaa na mishumaa walikuwemo watoto wa shule waliokuwa wakihesabu pointi zao. Mwaka wa 2019 zikaja tuhuma za aina hiyo kuhusu binti ya waziri wa sheria, Cho Kuk, wa kambi iliyojiita ya haki. Serikali ikaagiza vyuo 16 vya Seoul viongeze nafasi za jeongsi hadi asilimia 40. Miaka zaidi ya hamsini baada ya figili, bado wanatafuta mizani.

Karo je? Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Mwaka wa 1989 vyuo vya binafsi viliachiwa kujipangia karo. Mwaka wa 1996 serikali ikalegeza masharti ya kufungua chuo: timiza viwango vya chini, fungua. Vikachipuka kila kona. Kufikia 2008 karibu asilimia 84 ya waliomaliza sekondari walikuwa wanaendelea na elimu ya juu, na ng'ombe hawakuwepo tena wa kuuza. Paliibuka neno jipya, mogoltap, mnara wa mifupa ya mama, kwa ajili ya akina mama waliokuwa wakifanya vibarua kulipia masomo. Mikopo ya wanafunzi ilikuwa na riba kali, na walioshindwa kulipa waliingia kwenye orodha ya wadaiwa sugu kabla hawajapata kazi ya kwanza. Kama CRB ya kwetu, ila ukiwa na miaka 24.

Chama tawala kilikuwa kimewahi kuahidi kupunguza karo kwa nusu. Mwishoni mwa Mei 2011 wanafunzi walitoka na mishumaa katikati ya Seoul kukikumbusha, na wakarudi usiku baada ya usiku, wengine wakikamatwa. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha Msaada wa Masomo wa Taifa, ikitenga won trilioni 1.75. Jiji la Seoul likakata nusu karo ya chuo chake, University of Seoul. Angalia tarehe hiyo: 2012. Hyundai ilikuwa imeshauza magari kila bara. Samsung ilikuwa imeshakuwa Samsung. Serikali iliweka mkono mfukoni kwa uzito baada ya nchi kutajirika. Sio kabla.

Ilikuwepo sehemu moja tu kubwa ambapo dola ililipa tangu mwanzo, na inatuhusu. KAIST, taasisi ya sayansi iliyofunguliwa mwaka wa 1971 kwa mkopo wa Marekani wa dola milioni 6, haikutoza wanafunzi wake karo, iliwapa posho, na iliwaondolea mzigo wa utumishi wa jeshi. Ilihitaji wanasayansi, ikawalipia. Huo ndio mfano ambao Kenya imeuchukua kwa ajili ya Konza, safari hii kwa mkopo kutoka Korea. Majengo yanaweza kunakiliwa. Nitakuwa naangalia kama kifungu cha karo nacho kitanakiliwa.

Msaada wa sasa unaendeshwa na shirika la serikali, KOSAF, lililoundwa 2009. Familia inapangwa katika ngazi 10 kwa kuangalia mapato na mali, na walio chini wanapata zaidi. Mkenya aliyeingia chuo tangu 2023 anaijua lugha hii ya bendi, na anajua pia ugomvi wake: gari bovu la mzee limehesabiwa, deni la mzee halikuonekana. Ili kubaki na msaada, kwa kawaida unahitaji wastani wa alama 80 na masomo ya kutosha kila muhula, ingawa walio ngazi za chini wanalegezewa. Anayefanya kazi usiku kwenye duka la saa 24 ndiye alama zake zinashuka. Kuna pia mkopo, tangu 2010, ambao hulipi mpaka upate kazi na mshahara uvuke kiwango fulani. Riba yake tangu 2021 ni asilimia 1.7. Huo ningeuchukua leo.

Na karo yenyewe? Mwaka wa 2024 wastani kwa vyuo vya binafsi ulikuwa takriban won milioni 7.6 kwa mwaka, zaidi ya laki saba za Kenya. Vya taifa takriban milioni 4.2. Kwa miaka kama 15 serikali ilivibana vyuo visipandishe, na mwaka wa 2025 vingi vilichoka vikapandisha. Ukitaka nafuu zaidi kuna vyuo vya ufundi vya miaka miwili au mitatu, na kuna Chuo Kikuu Huria cha Taifa, kilichoanza 1972 kwa redio na posta, kimbilio la watu wazima waliokosa chuo ujanani.

Kilichobadilika kabisa ni hesabu ya watoto. Wakorea hawazai. Mwaka wa 2021 vyuo vilibaki na nafasi zaidi ya 40,000 bila wanafunzi. Wanasema vyuo vitakufa kwa kufuata maua ya micheri, kwa sababu micheri huanza kuchanua kusini na kupanda kuelekea Seoul. Chuo cha Seonam, katika mji wa Namwon huko kusini, kilifungwa mwaka wa 2018. Mwanzilishi wake alikuwa amefungwa jela kwa kufuja takriban won bilioni 100, sehemu kubwa ikiwa karo. Wanafunzi walihamishwa, na vyumba vya kukodi na mikahawa iliyozunguka lango ikabaki bila wateja.

Mwaka wa 2023 serikali ya Korea ilitangaza kwamba inataka wanafunzi wa kigeni 300,000 ifikapo 2027. Skolashipu ya serikali yao, GKS, ambayo chimbuko lake ni mwaka wa 1967, inapokea maombi kupitia ubalozi wao hapa Nairobi pia: tiketi ya ndege, mwaka mmoja wa kujifunza Kikorea, karo, posho. Nafasi ni chache sana. Wengi wanaokwenda huenda kwa pesa zao, na ili kupata viza lazima waonyeshe akaunti ya benki iliyojaa. Na kule Namwon, Chuo Kikuu cha Taifa cha Jeonbuk kina mpango wa kuifungua upya kampasi ya Seonam iliyoachwa. Watakaosoma humo wanatarajiwa kuwa wageni.